Mtego Chini ya Mstari Mwekundu

Harufu ya rangi ya mafuta iliyotiwa petroli ilinifikia kabla sijauona ukuta wenyewe. Nilikuwa nyuma ya pikipiki, nikitoka uwanja wa Bangboka, hapa Kisangani, kumsindikiza shemeji yangu kwenye ndege, na akili yangu yote ilikuwa nyumbani, kwenye maharagwe niliyoyaacha jikoni na mtoto wa jirani asiyejua kuangalia moto. Harufu ikanipiga puani. Kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimemkamata dereva bega, nampigia kelele: "Simama! Simama hapa, weye!" Maskini, alidhani nimeangusha pochi.

Sikuwa nimeangusha chochote. Kando ya barabara, kwenye ile nyumba ya kusomea ya mtaa wetu wa zamani, kijana alikuwa juu ya ngazi anapaka ukuta rangi nyeupe. Alianzia juu. Nusu ya ukuta ilikwisha kuwa nyeupe pe, na chini yake mistari ya rangi ilibaki imekatwa vichwa: wa buluu, wa kijani, wa manjano, na ule mwekundu wetu. Ile ilikuwa kazi ya mkono wa baba yangu, na baba yangu hayupo tena. Nilisimama pale nimeshika kichwa kwa mikono miwili, watu wanapita wananitazama.

"Yaya, kuna nini?" yule kijana akaniuliza kutoka juu. Kwetu yaya ni dada mkubwa. Alikuwa na adabu zake.

"Unafuta nini hapo?"

"Ni Wagenia, Yaya. Patron anataka ukuta ikuwe nyeupe, anaweka duka ya telefone."

"Nani alikuambia ni Wagenia?" Wagenia ndio wavuvi wa maporomoko ya hapa kwetu, na maporomoko yenyewe tunayaita hivyo.

Akacheka. "Si unaona? Maji inakuja, inaanguka, mtego iko chini na samaki ndani. Hata mutoto anajua."

Hata mtoto anajua! Niliketi juu ya ndoo yake ya rangi bila kuomba ruhusa, kwa sababu maneno yale yale, kwenye ukuta ule ule, niliyasema mimi.

Nilikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Papa yangu, Papa Sefu, alikuwa mchoraji wa mabango. Saluni, duka la dawa, fundi wa redio, mama wa kuuza chakula: ukitaka watu wajue unafanya kazi gani, unamwita yeye. Zamani, kabla sijazaliwa, alikuwa mtu wa kiwanda. Alikuwa anachora maua ya vitambaa kwenye kiwanda cha nguo, ana mshahara, ana baiskeli, ana viatu vya Jumapili, ingawa upande wetu sisi ni Waislamu na Jumapili haituhusu. Viatu vile vilikuwa bado chini ya kitanda chake. Vilikuwa vimekauka hata mguu hauingii, na bado alikuwa anavipaka mafuta.

Mama yangu alikuwa mtu wa mto, wa upande wa Yanonge, Mkristo. Yeye ndiye aliyekuwa anatulisha zaidi, tuseme ukweli. Alikuwa anapanda hadi Bengamisa kununua mpunga, anakaa huko mpaka apate wa kutosha, ndipo anarudi. Wakati wa habari hii alikuwa huko. Nyumbani tulibaki watu watatu: mimi, Papa, na Tantine Vero, dada mkubwa wa Mama.

Tantine alikuwa mjane. Bwana yake alikuwa fundi wa mashine kwenye meli ya mizigo, wakati meli zilikuwa zinapanda na kushuka mto bila kukoma. Meli ikasimama, bwana akaugua, akafa, naye akaja kwetu na sanduku moja na sufuria zake. Sikumchukia, nataka hilo lijulikane mapema. Lituma yake, zile ndizi za kuponda, ilikuwa laini hata majirani walikuwa wanatafuta sababu ya kupita saa ya chakula. Nilimpenda kwa sababu ya mikono ile, na nilimwogopa kwa sababu hakupokea kitu kutoka mikononi mwangu.

Nikimpelekea maji, anasema weka chini. Nikimpelekea sahani, anaiacha mpaka chakula kipoe, kisha anampa mbwa wa jirani. Ninyi mliokua miaka yangu kule kwetu mnaelewa, sihitaji kueleza sana. Mtu mzima akikataa chakula kilichopita mkononi mwa mtoto, mtaa mzima unajua ameitwa nini mtoto yule. Ndoki. Mchawi. Watoto wenzangu walikuwa wameanza kunipa nafasi kubwa mno wakati wa kuruka kamba.

Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua sufuria kwa majivu, nikamsikia anaongea na Papa.

"Sefu, miye sisemi mingi. Minauliza tu. Mwaka huyu mutoto alizaliwa, kiwanda yako ilifunga, ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo, yaya."

"Mwaka ule ule bateau ya bwana yangu ilisimama. Ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo."

"Mbele yake tulikuwa bantu. Nyuma yake, angalia weye mwenyewe. Donc, siku ya posho minashuka Yanonge na bateau, minaenda naye. Kule iko papa moja wa maombi. Atamufungia, atafunga kula, kile kintu itatoka."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Na huyo papa wa maombi, mzee wa kutoa watu uchawi, nilimjua. Mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, msichana mwenye kelele kuliko wote, alipelekwa kwake. Aliporudi alikuwa anakaa mlangoni siku nzima, ukimwita anageuza uso polepole, na miguuni alikuwa na alama za kamba. Kwa hiyo niliacha kusugua. Nilingoja Papa aseme hapana. Neno dogo lile, nililingoja na majivu kiganjani.

"Tutaona, yaya," Papa akasema.

Nimeishi, nimezaa, nimezika, nimeona mambo ya mji huu ambayo sitaki kuyasimulia. Sijawahi kupigwa na mshtuko kama wa lile "tutaona". Tantine nilikuwa nimemzoea. Lakini Papa! Papa aliyeniita Koko, yaani nyanya, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake! Kumbe naye alikuwa anahesabu miaka kichwani, anatoka kwenye kiwanda anakuja kwangu, anarudi kiwandani. Tangu siku ile nikaanza kujichunguza. Nilikuwa naangalia mikono yangu, mbele na nyuma. Nilijiuliza kama mtu anaweza kula kazi ya baba yake usingizini na asubuhi asisikie ladha yoyote mdomoni.

Wiki hiyo Papa alipata kazi ya ukuta, na akanichukua kwenda naye kila siku. Sijui kama alikuwa ananiepusha na Tantine au alikuwa ananichunguza. Sikuwahi kumuuliza, na sasa muda umepita.

Aliyempa kazi alikuwa kijana wa chuo kikuu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mwalimu msaidizi wa mambo ya uchumi. Wote tulimwita Asistan. Yeye na wenzake walikuwa wameomba nyumba ile ili wanafunzi wasio na taa kwao wapate mahali pa kusomea, na alitaka ukuta wa nje uwe na picha kubwa ambayo kila mpita njia ataiona. Alimpa Papa karatasi yenye mistari ya rangi. Kila mstari ulikuwa nchi. Chini kulikuwa na miaka, kutoka zamani za babu zetu mpaka juzi.

"Papa Sefu, usiongeze, usipunguze. Chora tu vile iko. Vendredi nitakuja kuangalia." Akaondoka mbio kwenda kufundisha, bila kueleza lolote. Papa naye hakuuliza. Mchoraji wa mabango hamuulizi mwenye duka la dawa dawa zinafanyaje kazi.

Siku za kwanza tulipiga miraba. Papa alikuwa anapaka uzi unga wa mkaa, mimi nashika mwisho mmoja ukutani, yeye anauvuta, anauachia: tap! Mstari mweusi unabaki ukutani umenyooka. Akafanya miraba midogo kwenye karatasi vilevile, kisha akawa anahamisha mraba kwa mraba, bila haraka, ulimi umebanwa na meno. Baada ya mkaa ikaja rangi. Nchi za mbali kwanza. Yetu akaiacha ya mwisho, akaichanganyia nyekundu aliyokuwa ameihifadhi kwa bango la bucha.

Mstari mwekundu ulipotimia nikarudi nyuma mpaka barabarani kuutazama, kama Papa alivyonifundisha. Nikaona. Sijui kwa nini mtu mwingine hakuona.

"Papa, hii ni Wagenia!"

"Ni mambo ya université, Koko. Letea petroli."

"Angalia basi! Maji inakuja polepole, inapanda kidogo, alafu inaanguka. Pale inaanguka njo banafunga miti. Alafu chini inatulia."

Papa akashuka ngazi, akaja barabarani, akafunga jicho moja. Mstari ulitoka kushoto, ukapanda taratibu, ukafika juu, ukaning'inia kidogo, kisha ukaporomoka, mteremko mrefu wenye hatua hatua, mpaka karibu na ardhi. Mwishoni kabisa uliinuka upana wa kidole.

"Kweli," akasema. "Inafanana."

"Na ile ya buluu? Maji gani inapanda kilima?"

"Labda kwao inapanda."

"Hapana, Papa. Ile ni mto ya uongo."

Mnacheka. Lakini mtoto wa Kisangani angesoma vipi kitu kile? Tulikulia na mngurumo wa yale maporomoko. Kila mtoto alijua kwamba maji yanayotulia hayana kitu. Samaki wanapatikana pale maji yanapoanguka kwa hasira, ndiyo maana Wagenia wanasimamisha miti katikati ya mawe na kuning'iniza mitego yao mikubwa ya kusuka. Na kila mtego una mwenyewe. Mahali pa mti huu ni pa ukoo fulani, mahali pa mti ule ni pa ukoo mwingine, na ukigusa mtego usio wako utajua walikuzaa wapi. Kwa hiyo niliuangalia ukuta nikajivuna hadi kifua kikauma. Nchi zote zile zenye rangi nzuri, hakuna iliyokuwa na maporomoko makubwa kama yetu. Maana yake hakuna iliyokuwa na samaki wengi kama sisi.

"Papa, mitego iko wapi? Maji yote hii inaanguka bure?"

Hapo nilimgusa Papa panapomuuma. Kwake bango bila picha ni nusu ya bango. Kinyozi lazima awe na kichwa, fundi cherehani lazima awe na cherehani. Ukuta mzima wa mistari mitupu ulikuwa umemkera tangu mwanzo, nadhani. Akachanganya kahawia. Chini kabisa ya mstari mwekundu, pale mteremko unapogota, akasimamisha miti mitatu, akaning'iniza mtego, na ndani yake akachora samaki mnene mwenye jicho linalokutazama popote uendapo. Kwa muda ule wa samaki nilisahau habari ya Jumamosi.

Ijumaa, kama alivyosema, Asistan akaja na wanafunzi wawili. Alikuwa anatabasamu kutoka mbali. Alipokaribia tabasamu likakatika.

"Mungu wangu! Papa Sefu! Hii ni nini?"

"Ni samaki, Asistan."

"Minaona ni samaki! Samaki anatafuta nini ndani ya mapato ya inchi?"

Wanafunzi walicheka mpaka mmoja akashika ukuta, akatoka na kiganja cha kijani. Papa akanitazama, akamtazama Asistan. "Si ni Wagenia? Mutoto alisema ni maji inaanguka."

"Maji! Bon. Bon, Papa, sikiliza." Asistan akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa amekasirika, lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu hawezi kuacha mtu hivi hivi. "Chukua kazi yote bantu banafanya katika inchi mwaka moja. Mihogo, shaba, vitambaa, meli, yote. Gawanya kwa bantu yote, kila mutu sehemu yake. Ile sehemu njo mustari. Iko juu, mutu anapata mingi. Iko chini, anapata kidogo. Kushoto ni zamani, kulia ni leo. Umeelewa?"

"Na hii ya buluu?"

"Inchi ya kule Asie. Angalia hapa mwanzo. Unaona? Walikuwa chini yetu, Papa. Chini yetu!" Alipiga ukuta kwa ngumi, pole pole, mara mbili tatu, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba isiyo na watu.

Brashi ilikuwa mkononi mwa Papa na rangi nyekundu ilikuwa inadondoka juu ya kiatu chake, tone baada ya tone, naye haoni. Macho yake yalikuwa kwenye miaka ile iliyoandikwa chini, ambayo aliichora yeye mwenyewe kwa mkono wake bila kuisoma.

"Kiwanda yangu ilifunga hapa," akasema, akaweka kidole.

"Inawezekana. Vita ilikuwa hapo."

"Hapa iko karibu chini."

"Ndiyo."

"Asistan, na kuanguka inaanzia wapi?"

"Rudi kushoto."

Kidole cha Papa kikarudi kushoto, kinapanda mteremko. Kikapita mwaka alipomwoa Mama. Kikapita mwaka alipoingia kiwandani. Kikaenda, kikaenda, na kila hatua Papa anapumua kwa nguvu kama aliyebeba gunia, mpaka kikafika juu kabisa pale mstari ulipoanza kuinama. Hapo akageuka. Uso wake sikuutambua.

"Hapa miye mwenyewe nilikuwa mutoto. Nilikuwa napiga mpira bila viatu hapa!"

"Eh, ni zamani, Papa."

"Na huyu?" Akanisukuma mbele, mkono juu ya kichwa changu. "Huyu alizaliwa mwaka kiwanda ilifunga. Huyu iko wapi?"

Asistan hakujua anaulizwa nini, masikini. Akainama, akatafuta mwaka, akaonyesha. "Huyu? Huyu alizaliwa huku chini. Maji ilikwisha kuanguka yote, sawa mulisema ninyi."

"Uko na hakika?"

"Hesabu ya inchi inaweza kosea kidogo, Papa. Lakini kuanguka namna hii? Hapana."

Papa aliketi chini, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri. Akafunika uso. Nilidhani anaumwa, na nikaogopa kumgusa, maana nilikuwa nimejifunza kuogopa mikono yangu. Kisha akasema, si kwangu wala si kwa Asistan, "Mutoto hakuwa tumboni, na maji ilikuwa inaanguka. Mutoto hakuwa tumboni!" Akasimama ghafla, akanishika mkono kwa nguvu hata vidole vikaniuma, na tukaenda nyumbani mbio, rangi ameiacha wazi juani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani mwake.

Tantine alikuwa anakunja nguo zangu. Alizipanga kwenye mfuko mdogo kwa ajili ya kesho. Hakutaka kuja. Papa alimwambia "Yaya, minakuomba" kwa sauti ambayo hata mimi niliionea huruma, ndipo akajifunga kitenge na kutufuata, na majirani walioona Papa anakimbia wakatufuata pia, maana mtaa wetu haukubali kupitwa.

Mbele ya ukuta Papa alieleza kwa maneno yake mwenyewe, kidole kinapanda na kushuka. Tantine alisikiliza, mikono imekunjwa.

"Nani alichora hii?"

"Miye."

"Weye unachora, alafu weye unaniletea, unasema ni kweli? Sefu, unaniona mutoto?"

Watu wakacheka, na nikahisi Yanonge inakaribia. Hapo Asistan akasogea. Alikuwa tayari ameshika kitambaa chenye petroli cha kumfutia samaki. "Mama, samaki ni ya Papa Sefu. Mustari ni miye nilileta. Hawezi kuvumbua mustari." Akamwomba aseme mwaka wowote anaoukumbuka.

Tantine akasema mwaka ule mizigo ilipoanza kupungua kwenye meli ya bwana yake. Asistan akaonyesha. Akasema mwaka ule mafundi walipokosa kulipwa, bwana akawa anaitengeneza mashine kwa vyuma vya kuokota. Asistan akaonyesha, chini zaidi. Yote haya yalikuwa kabla yangu, na alikuwa anayajua. Aliyaishi. Ila hakuwahi kuyaona yamepangwa mstari mmoja, moja linamsukuma mwenzake chini. Alisogea yeye mwenyewe, akaweka kidole kwenye rangi ambayo haijakauka, akateremka nayo mpaka chini, akagota kwenye mtego.

Alimwangalia yule samaki. Kidole kimekuwa chekundu.

"Alors," akasema, na hakuwa anamuuliza Papa, alikuwa anamuuliza Asistan, "kama si mutoto, hii mtego ni ya nani?"

Watu wote pale walikuwa watu wa kando ya maporomoko. Hakuna aliyewahi kuona mtego usio na mwenyewe. Asistan akautazama mstari wa buluu, akautazama mwekundu. Kisha akakunja kile kitambaa cha petroli, akakitia mfukoni, na samaki akabaki pale kwa miaka yote hii, mpaka wiki iliyopita.

Siku hizi mistari ile naiona kwenye simu. Iko mingine inayotembea, nchi ni viduara vinavyopanda na kushuka miaka inapopita, watu wanatumiana na kushangaa. Nami nashtuka kila mara, sidanganyi. Kile kiduara chetu kikianza kuzama moyo unanipasuka upya. Lakini picha zile zina kasoro moja, hakuna aliyechora mtego. Kwa hiyo sikumsahihisha yule kijana wa rangi. Nilimwambia tu kwamba kama lazima afute, samaki awe wa mwisho, na mimi nikiwa nimeshaondoka.

Sijasema habari ya Jumamosi.

Jumamosi meli ilipiga honi mtoni, sote tuliisikia. Tantine alikuwa jikoni na hakuinua kichwa. Mfuko wa nguo zangu ulikuwa umefunguliwa, nguo zimerudi mahali pake. Hakuomba msamaha siku ile wala baadaye. Sidhani alijua unaombwaje kwa mtoto. Aliponda ndizi, akachemsha samaki, akapakua. Papa alikuwa ameketi upande wa pili, anajifanya anasafisha brashi. Mimi nilikuwa mlangoni, mahali pangu pa kawaida, mbali na sufuria.

"Koko," akasema. Tantine hakuwahi kuniita hivyo; alikuwa ananiita "huyu". "Koko, letea miye sahani yangu."

Niliibeba kwa mikono miwili. Nikainama kuiweka chini, kama nilivyozoea. Akaniwahi. Aliipokea kutoka mikononi mwangu, na kwenye kidole chake kimoja rangi nyekundu ilikuwa bado haijatoka. Papa akaacha brashi. Tantine akakata tonge, akachovya, akaweka mdomoni, akatafuna huku ananitazama usoni, akameza.

"Chumvi imepunguka," akasema. "Letea chumvi."